Nusu ya ubao wa nakshi: uchambuzi wa kisa cha mlango mmoja wa Lamu, kamera na mashine ya CNC

Nyumba iko Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda akipita na mzigo mtu hujibanza ukutani. Mlango wa nje una mabawa mawili na mfaa (nguzo ya wima inayoziba kiungo chao) katikati, na juu yake umelala ubao wa nakshi wa mbambakofi wenye urefu wa mm 1,640, upana mm 260 na unene mm 60. Kushoto nakshi ni nzima. Kulia, kuanzia mm 950 hivi hadi mwisho, mchwa wameula uso wote na kuacha ukanda mwembamba wa chini tu, pale penye pambo la mnyororo. Mwenye nyumba aliomba ubao mpya mzima wa mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, uliofanana na wa zamani. Alichopata ni kipande cha upande mmoja, na mashine iliingia baadaye kuliko alivyotarajia.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kazi ya namna hii hupitia kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya mtu kushika patasi. Hilo si karatasi tu. Mkataba wa Venice wa 1964, unaofuatwa na wahifadhi wengi, unataka kipande kipya kipatane na kizima na wakati huohuo kitambulike kuwa ni kipya. Ukianza na kanuni hiyo, swali la kubadilisha ubao mzima linakufa lenyewe: mm 910 za kushoto zilikuwa ngumu, zilijibu vizuri zilipogongwa, na msumari wa kuchokolea haukuzama popote. Hakuna sababu ya kuzitoa.

Mbambakofi ni mti unaostahimili mchwa. Ukiona wameula moyo wake, tafuta maji. Hapa yalitoka kwenye bomba la mvua lililovuja juu ya mlango, yakaingia ukuta wa matumbawe, yakakosa pa kutokea kwa sababu fundi wa miaka ya karibuni alipiga lipu ya saruji juu ya chokaa. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa; ukiuziba kwa saruji, unyevu hutafuta njia nyingine, na mbao ndiyo njia rahisi. Saruji ilibanduliwa mita moja kila upande wa mlango, ikapigwa lipu ya chokaa kimoja kwa mchanga tatu (mchanga uliooshwa, maana chumvi ya mchanga wa pwani huendelea kuvuta maji miaka na miaka), na ukuta ukaachwa ukauke katika kaskazi. Anayeruka hatua hii anatengeneza chakula kipya cha mchwa kwa vipimo sahihi.

Kupima kwa kamera

Ubao haukushushwa. Ulipigwa picha ukiwa mahali pake, takriban 200, kwa kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi isiyovuta, umbali wa sm 60, kila picha ikifunika karibu asilimia 80 ya iliyotangulia. Safu tatu: usawa wa ubao, kutoka chini kidogo na kutoka juu kidogo. Bila zile za pembeni, programu inayojenga umbo kutokana na picha haioni kuta za ndani za nakshi, na mifereji hutoka mifupi na ya duara. Kazi ilifanyika alfajiri kabla jua halijagusa ukuta. Kivuli kikali kikihama katikati ya upigaji, programu hukichukulia kuwa sehemu ya mti.

Kosa la kwanza lilitokea kwenye kipimo. Umbo linalotokana na picha halina ukubwa mpaka ulipatie kipimo, na hapa lilipewa kwa futi ya chuma iliyonyoshwa kutoka mwimo hadi mwimo. Ile kulabu ndogo ya mwanzo wa futi huchezacheza, na utepe ulikuwa umelegea katikati. Ubao ukasomeka mm 1,644. Milimita nne ndani ya mita moja na nusu zinaonekana ndogo, ila maua ya nakshi yana nafasi ya mm 8 tu kati yao. Dawa yake ni fito mbili za alumini zenye alama za umbali wa mm 1,000 kamili, zinazopigwa picha pamoja na ubao, na ya tatu isiyotumiwa kwenye hesabu bali kuikagua. Ya tatu ikisomeka mm 1,000 na tofauti isiyozidi nusu milimita, endelea. Ikizidi, rudia picha; usiburure umbo mpaka likae.

Baada ya hapo zilipigwa picha nyingine chache zisizohusiana na umbo lolote: kurunzi ikiwa imelazwa karibu ishikane na ubao, mwanga ukipita kwa mlazo. Hizi ndizo zilizoamua kazi. Mwanga wa mlazo ulionyesha vitundu vya ncha ya bikari katikati ya kila ua, kila kimoja kikubwa kama tundu la sindano ya kushonea viatu, na kwenye ule ukanda wa chini uliosalia kulia, alama mbili nyembamba za kisu ambazo macho ya mchana hayakuziona.

Kwa nini kioo kilikataa

Njia ambayo kila mtu hufikiria kwanza ni kuchukua upande wa kushoto, kuugeuza kama kwenye kioo, kuubandika kulia na kutuma mashineni. Kwenye programu ni kazi ya dakika moja. Ilijaribiwa kwenye skrini, na ilifeli kwa mambo matatu.

Kwanza ni nafasi. Ubao una mpaka wa mm 40 kila mwisho. Kutoka mpaka wa kushoto kuna maua saba, kila moja likichukua mm 96, jumla mm 672, yanaishia mm 712 kutoka mwisho wa ubao. Kisha jani dogo la mm 24, halafu ua kuu lenye kipenyo cha mm 150. Kitovu cha ua hilo kiko mm 811. Nusu ya ubao ni mm 820. Fundi wa kwanza aliliweka ua kuu mm 9 kushoto, juu kabisa ya mfaa, kwa kuwa mfaa wenyewe hauko katikati ya uwazi wa mlango. Ukigeuza kushoto kwa kulizunguka ua kuu, nakshi ya kulia inaishia mm 1,582 na kuacha mm 18 tupu kabla ya mpaka.

Mtu mvivu huivuta nakshi kwa asilimia 2.7 izibe pengo. Duara likivutwa upande mmoja si duara tena, na jicho la mtu aliyezoea milango ya Lamu hulikamata ua lililolala kama yai hata kama hawezi kusema kasoro iko wapi.

Pili ni mzunguko. Petali za maua yote zinapinda upande mmoja, kama pia inayozunguka. Ukiyageuza kwa kioo, maua ya kulia yanazunguka kinyume. Kipande cha ua la kwanza la kulia kilichosalia, kati ya mm 915 na 950, kilionyesha petali mbili, na zote zinapinda sawa na za kushoto.

Tatu ni mkono. Aliyechonga alikuwa na upande mmoja wa mfereji ulio wima kuliko mwingine, kushoto kwa kila mkato. Ukiugeuza ubao, wima unahamia kulia, na mwanga wa asubuhi unaangukia upande usio wake. Tena unanakili na kila pigo la mlango, kila rangi iliyomeng'enyeka na kila kona iliyochakaa, kisha unaviweka vyote mahali ambapo havikutokea.

Jibu lilikuwa kwenye vile vitundu na zile alama za kisu. Upinde wa ule ua uliosalia ulipowekewa duara kwenye programu, nusu kipenyo kilitoka mm 44, sawasawa na maua ya kushoto. Alama mbili za kisu kwenye ukanda wa chini zilikuwa mm 98 na kidogo mbalimbali. Kutoka mwisho wa jani la kulia, mm 910, hadi mpaka, mm 1,600, kuna mm 690. Gawa kwa saba unapata mm 98.6. Fundi wa nakshi aliyeitwa kumalizia kazi alizitazama hesabu hizo kwenye skrini akasema neno moja tu: "Huyu hakuifungua tena bikari." Ndivyo ilivyo. Bikari ilibaki mm 44, maua yakabaki na kipenyo cha mm 88, na kilichoongezwa ni nafasi kati yao: mm 8 kushoto, mm 10.6 kulia. Hakuna anayeiona tofauti hiyo akiwa chini ya mlango.

Kwa hiyo mchoro haukufuatishwa juu ya umbo la picha. Ulijengwa upya kwa utaratibu wa aliyepanga mwanzo: mstari wa katikati, vitovu saba kila mm 98.6, duara la mm 44, petali kwa kuzungusha upinde uleule. Umbo la picha, lenye pembetatu kama milioni 9, lilibaki nyuma ya mchoro kama shahidi wa kusutwa naye. Mchoro wa namna hii ni mwepesi, unarekebishika kwa kubadilisha tarakimu moja, na kingo zake ni kali kama zilivyokuwa siku ya kwanza.

Mti

Kipande kipya kiliunganishwa mm 910, pale jani linapoishia na ua la kwanza la kulia kuanza. Hiyo ilimaanisha kukata mm 40 za nakshi ya zamani iliyokuwa bado ina sura, na si uamuzi mwepesi. Lakini ukingo wa mm 950 ulikuwa unga, na kiungo kinachopita katikati ya ua hakifichiki kamwe. Kipande kilichokatwa kilifungwa na kuandikwa, kikabaki na mwenye nyumba. Kiungo ni cha nusu kwa nusu: ulimi wa mm 120 wenye unene wa mm 30 unaoingia nyuma ya ubao wa zamani. Mti uliohitajika basi ni mm 850 kwa 260 kwa 60, pamoja na ziada ya kushikilia mashineni.

Mbambakofi ilipatikana kwenye mbao kuukuu za nyumba iliyovunjwa. Mbao kuukuu zimetulia, hazipindi, ila zina misumari. Kipima chuma kilionyesha mitatu. Msumari mmoja uliovunjikia ndani unatosha kuua biti ya kabidi (ncha ngumu ya kukatia ya mashine) na kutupa kipande cha chuma usoni mwa mtu, basi asiye na kipima chuma aazime.

Unyevu ndio uliohitaji subira. Mti ulikuwa umehifadhiwa kwenye ghala la bati lenye joto na kipima unyevu kilisoma asilimia 10. Ubao wa mlangoni ulisoma 15. Mbambakofi hutanuka kidogo ukilinganisha na miti mingi, tuseme asilimia 0.15 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Kwa mm 260 na tofauti ya tano, ni karibu mm 2. Ungechongwa ukiwa mkavu vile, mistari ya mnyororo ingekutana vizuri siku ya kufunga, na baada ya mvua za masika ingekuwa imepishana kwenye kiungo. Ulipangwa kivulini, hewa ikipita pande zote, mpaka ukasoma 14.

Mashineni

Mashine ilikuwa Malindi, kwenye karakana ya samani: ya mihimili mitatu (husogea kwa urefu, upana na kina), meza ya mm 1,300 kwa 2,500. Kabla ya mbambakofi kuguswa, ua moja na kipande cha mnyororo vilichongwa kwenye msonobari wa bei rahisi, vikapelekwa Lamu na kushikizwa kando ya ua la zamani. Jaribio hilo lilifichua kasoro ambayo skrini haikuonyesha: duara lilikuwa na pembe. Faili lilipohifadhiwa ili lisomwe na programu ya mashine, kila duara liligeuzwa kuwa mistari mifupi iliyonyooka, kwa ustahimilivu wa nusu milimita, yaani mstari uliruhusiwa kuachana na duara kwa kiasi hicho. Kwa nusu kipenyo cha mm 44 hiyo ni mistari ya mm 13, na ua linakuwa na pande 21. Ustahimilivu ukishushwa hadi mm 0.02, mistari inafupika chini ya mm 3 na msasa unaimaliza. Wengine wamechapisha mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa halisi badala ya kuchonga jaribio. Karatasi hunywa hewa ya bahari na kutanuka, na haina kina, haikufai.

Uchongaji ulikwenda kwa biti tatu. Ya mm 8 yenye ncha bapa na makali mawili iliondoa mandharinyuma hadi kina cha mm 7.5, mm 3 kila pito la kwanza na la pili na salio pito la tatu, kwa mizunguko 16,000 na mwendo wa mm 3,200 kwa dakika. Hesabu yake ni kwamba kila ukali unakata mm 0.1. Ukipunguza mwendo kwa kuogopa ugumu wa mti, ukali unasugua badala ya kukata, mti unaungua na biti inakufa. Woga huu ndio unaoharibu biti nyingi kuliko haraka. Ya mm 3 ilisafisha mabonde yaliyobanana. Ya tatu ilikuwa ya umbo la V, nyuzi 60, kwa petali na mnyororo.

Hii ya V inastahili neno. Biti yenye ncha duara hufuata umbo lote mstari kwa mstari na kuacha kila kona ya ndani ikiwa imeviringika. Ya V huzama pale mfereji unapopanuka na kupanda unapobana, hivyo ncha ya petali inatoka kali. Mfereji wa mm 8 juu unazama karibu mm 7. Wa mm 4 unazama nusu yake. Ni mwendo uleule wa patasi ya mkono, ndiyo maana nakshi ya kukatwa kwa mifereji inafaa mashine kuliko nakshi ya majani yaliyofura. Iliyobaki mm 0.5 ya mandharinyuma iliachwa makusudi.

Umeme ulikatika katika pito la tatu. Mashine ya aina hii ikizimika husahau iliko. Kipande kilikuwa kimefungwa kwa skrubu kwenye ziada, na mashimo mawili ya mm 6 yalikuwa yametobolewa nje ya nakshi kabla ya kuanza. Vijiti vya chuma viliingizwa humo, mashine ikatafuta sifuri yake upya, kazi ikaanzia mistari michache nyuma. Hata hivyo kimo kilirudi na tofauti ya mm 0.4, na sakafu ya nakshi ikapata ngazi ndogo kwenye ua la tano. Ile nusu milimita iliyoachwa iliimeza. Pasingekuwa na ziada hiyo, mti ungekuwa umeharibika, na mbambakofi ya ukubwa huo haipatikani kila Jumatatu.

Mkono, na kufunga

Kipande, kilo kumi na kidogo, kilipita njia ya Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha mashua hadi Lamu kikiwa kimefungwa nailoni kuzuia maji ya chumvi. Sehemu iliyobaki haikuwa na umeme. Fundi aliondoa ile nusu milimita kwa patasi bapa, akazipa kuta za mifereji mlalo wa mkono: kushoto wima, kulia mteremko. Mashine huchonga pande zote mbili sawa, na hilo peke yake hutosha kuufanya ubao uonekane umechapwa kiwandani. Sakafu haikupigwa msasa. Alama za patasi zikiachwa, mwanga hutawanyika kama upande wa zamani. Zikisuguliwa, upande mpya hung'aa kama bamba.

Tundu la ukutani halikuwa la mraba: kina mm 58 mwisho mmoja, mm 71 mwingine. Nyuma ya ubao uliwekewa kabari za mti, na mwisho wa kulia ukaachiwa nafasi ya mm 5 isiyojazwa lipu ili hewa ipite. Kiungo kilishikwa kwa vijiti vya mti na skrubu mbili za shaba kutoka nyuma, bila gundi, ili siku moja kiweze kufunguliwa bila kuumiza mti wa zamani. Msumari wa chuma hewa ya Lamu huula upesi, na kutu yake huacha doa jeusi kwenye mbambakofi. Kipande hakikupakwa rangi ya kukizeesha. Kilipata mafuta ya kitani, na nyuma yake mwaka wa kazi umechongwa kwa biti ya V.

Je, mashine iliokoa muda? Kwa maua saba, kidogo sana. Fundi mzoefu angeyachonga kwa mkono karibu katika muda uleule uliotumika kuandaa faili, kujaribu na kusafirisha. Faida yake ilikuwa kwenye kuondoa mandharinyuma ya mti mgumu, kazi inayochosha mkono kabla ya kufika kwenye nakshi yenyewe, na kwenye mchoro, ambao ungefaa hata kama mashine isingewashwa. Hesabu hubadilika pale nyumba inapohitaji banzi arobaini zinazofanana za dari au dirisha, au milango kadhaa ya ndani yenye pambo moja.

Linabaki suala la faili. Mchoro huo sasa unaweza kuchonga ubao uleule kwa hoteli yoyote ya ufuoni, kwa mti wowote, mara mia. Katika kisa hiki makubaliano yaliandikwa kabla ya malipo ya kwanza: nakala moja kwa mwenye nyumba, moja ya kumbukumbu kwa wahifadhi pamoja na picha zote na orodha ya vipimo, na karakana ikafuta ya kwake baada ya kazi. Karakana ilikubali bila ubishi, ila iliomba ibaki na biti zilizochakaa.